Maji ya Mtungi wa Mzevinari

"Umeniweka baada ya nyeusi ya Zauri! Tamta, wewe umesomea kazi hii, cheti hicho hapo ukutani, halafu unamimina divai yangu baada ya ile? Ulimi wa nani utasikia kitu tena? Si bora ungewasugua meno kwa majivu kwanza!"

Mzevinari alikuwa ameshasimama, na kusimama kwenyewe kulikuwa kosa. Katika duka la divai la Tamta, siku ya kuonja na kuchagua za kununua, wenye mashamba hukaa kwenye benchi la ukutani na kufunga midomo. Wanaofungua mdomo ni watatu wa mezani, nao hufungua ili wanywe, wateme na waandike. Chupa saba za familia saba zilikuwa zimeviringishwa magazeti na kuandikwa namba ili mtu asijue ipi ya nani. Kila mtu alijua. Chupa ya Mzevinari ilikuwa na shingo nene ya shampeni, kwa sababu marehemu Guramu, mumewe, aliwahi kubeba kreti kumi za chupa tupu kutoka kwenye harusi ya mtu, na hakuna gazeti lililoweza kuficha shingo ile.

"Mama mdogo, kura umechomoa mwenyewe," Tamta alisema taratibu. "Saba. Tena ukasema saba ina baraka."

"Nilisema kabla sijajua sita ni nani!"

Benchi lilicheka. Zauri, jirani yake Mzevinari, mwenye divai namba sita, alitafuna mkate wake na jibini bila haraka. Ni mtu wa tumbo kubwa na macho madogo, na siku hiyo alikuwa ameshaona kwamba mezani nyeusi yake imependwa, kwa hiyo hata kutafuna kwake kulikuwa na majivuno.

"Shemeji, kama divai yangu inaua ulimi," alisema, "mwenye ulimi akazike, asinisumbue mimi."

"Nyamaza, pipa wewe. Divai yako ingekuwa na adabu ingesubiri wakubwa wapite."

"Wakubwa? Guramu alikuwa mkubwa. Sisi tuliobaki tunasukumana tu."

Hapo benchi halikucheka. Guramu alikuwa amekufa Machi ya mwaka uliopita, na kila aliyekaa kwenye benchi lile alikuwa amebeba jeneza au sahani siku ya mazishi.

Tamta alitazama meza, akatazama wale wenzake wawili. Mmoja alikuwa mwenye mgahawa kutoka mji mkuu, Tbilisi, mtu asiyeongea. Wa pili alikuwa mzee Otari, aliyepima divai kwenye kiwanda cha serikali ya zamani miaka thelathini, hadi pua yake ikaheshimiwa mji mzima wa Telavi kama hati ya mahakama.

"Haya," Tamta alisema. "Leteni glasi safi. Tuleni mkate, tunywe maji, tupumzike kidogo. Kisha tutaanza na ya mama mdogo, peke yake."

Mzevinari aliketi. Alikuwa ameshinda, na moyo ulimpiga kama wa mtu aliyeshindwa.

Maana hakuja pale kutafuta sifa. Duka la Tamta lilikuwa likichukua chupa mia tatu za Guramu kila mwaka, na chupa hizo ndizo zilizolipa dawa ya ukungu, mtu wa kupogoa na trekta ya kulima katikati ya mistari. Bila hizo, shamba la nusu hekta lisingefika vuli nyingine. Upande wa kulia na wa kushoto kampuni kubwa ya divai ilikuwa imeshanunua mashamba hadi mtoni. Wakala wao, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alikuwa amempa hadi Jumamosi aseme ndiyo au hapana. Siku hii ya kuonja ilikuwa Alhamisi.

Mzevinari mwenyewe hakuzaliwa na zabibu. Alizaliwa Tusheti, juu milimani kwa wachunga kondoo, ambako watu hupika bia ya shayiri na mzabibu haufiki hata kwa kubebwa. Alipoletwa huku bondeni akiwa bibi harusi, mama mkwe alimtazama akasema, "Tumeletewa mla jibini." Miaka ishirini na sita alipika uji na supu kwenye chekechea ya kijiji, mpaka watoto wakaisha na chekechea ikafungwa. Lakini kila jioni ya vuli Guramu alimwita kwenye chumba cha mitungi, ile mikubwa ya udongo iliyofukiwa sakafuni kuchachushia divai, akamchotea kidogo kwa kata ya kibuyu, akamwambia neno moja tu: "Nusa." Asipopatia, kesho tena. Ilimchukua miaka minne kupatia. Mwaka wa tano mama mkwe aliacha kumwita mla jibini, na mwaka wa sita alianza kumwuliza yeye kabla ya kumwuliza mwanawe.

Tamta alimimina. Divai ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, nzuri kutazama. Watatu wakainua glasi, wakanusa.

Mtu wa mgahawa hakunywa. Aliweka glasi chini, akaandika neno moja, akafunga kalamu.

Tamta alionja, akatema upesi, akageuza uso kuelekea dirishani kana kwamba kuna mtu amemwita.

Otari peke yake ndiye aliyekaa na ile divai mdomoni, muda mrefu, kama daktari anayeshika mkono wa mgonjwa ili tu asiuachie. Kisha akatema kwenye ndoo. Akachukua mkate.

"Semeni," Mzevinari alisema.

Otari alikuwa bado anatafuna.

"Semeni basi! Nimekuja na miguu yangu!"

"Mama Mzevinari," Otari alisema, "ina panya."

"Ina nini?"

"Harufu ya panya. Ukimeza ndiyo inakuja, nyuma ya ulimi. Kama godoro la ghalani. Na nyuma yake kuna siki." Alifuta midomo. "Pole."

Mzevinari aligeukia benchi, akamnyooshea Zauri kidole. "Huyu hapa! Huyu hapa amekunywa divai hii wiki tatu zilizopita, kwenye kumbukumbu ya mwaka wa Guramu! Mtungi tuliufungua siku ile ile. Glasi nne amekunywa! Mwambie, Zauri. Mwambie ulisemaje!"

Zauri aliacha kutafuna.

"Mwambie!"

"Nilisema Guramu angeifurahia," Zauri alisema.

"Umesikia, Bwana Otari?"

"Shemeji." Zauri alitazama mkate wake. "Ilikuwa meza ya marehemu. Ningesema nini? Mtu anaanzaje kukosoa divai kwenye meza ya marehemu, mbele ya mjane? Nilikunywa."

"Na wengine?"

Mwanamke mmoja wa kwenye benchi aliinamisha kichwa. Mwingine akaanza kutafuta kitu ndani ya pochi yake, na hakukuwa na kitu cha kutafuta. Watu arobaini walikuwa wamekaa kwenye meza ile. Arobaini walikunywa, wakasifu, wakaondoka. Hivyo ndivyo ilivyo adabu yao. Divai ya nyumba husifiwa nyumbani, na divai ya msiba husifiwa mara mbili. Mzevinari mwenyewe, katika maisha yake, alikuwa ameshasifu siki za watu zisizohesabika.

"Nani aliosha mtungi?" Otari aliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Kwa nini, mikono yangu ina kasoro gani? Siku mbili nimesugua. Majivu, chokaa, maji ya moto, maji ya baridi. Nilichota hadi mgongo ukaniita jina."

"Na maji ya mwisho? Uliyanywa?"

"Niliyanywa." Hilo hata mtoto wa kijijini kwao analijua. Mtungi haujatakata mpaka maji ya mwisho yanyweke. Unayachota toka chini kabisa na kuyanywa, na yakiwa maji matupu, ndipo unaruhusiwa kutia zabibu. "Yalikuwa maji. Maji matupu, hayana kitu."

Otari aliweka mkate chini. Kisha akavuta glasi mbili. Akawageuzia mgongo, akamimina, akazisogeza mbele ya Mzevinari. Rangi ile ile, kimo kile kile.

"Moja ni yako. Nyingine ni ya ile familia ya namba mbili, ambayo Tamta ataichukua. Usinywe. Nusa tu, uniambie."

Mzevinari alishika ya kwanza. Akaipeleka puani kama alivyofundishwa, akafumba macho. Akaishika ya pili. Akarudi ya kwanza. Duka zima lilisikia pumzi zake zikiingia na kutoka.

Angeweza kubahatisha. Alifikiria kubahatisha.

"Nina mafua," alisema.

"Tangu lini?" Tamta aliuliza kwa upole.

"Tangu mazishi."

Miezi kumi na mitatu. Hakuna mafua ya miezi kumi na mitatu. Wiki ya kumzika Guramu, waombolezaji walimbusu mashavuni kwa mamia, na mmoja wao alimwachia homa iliyomlaza siku tisa. Alipoamka, maharagwe yaliungua jikoni na yeye amekaa hapo hapo, akajua kwa moshi kuingia machoni. Alijua siku ile. Hakumwambia daktari, hakumwambia binti yake Maka aliyeko Bari akimlea ajuza wa Kiitaliano, hakumwambia mtu. Alijiambia mikono inajua kazi. Alijiambia kwamba miaka thelathini na tano ya kunusa haiwezi kuondoka na homa ya siku tisa, iko mahali fulani, itarudi. Alikunywa maji ya mtungi ule mchafu na kusema yametakata kwa sababu kwake kila kitu duniani kilikuwa kimetakata.

Aliweka glasi chini bila kuimwaga.

"Haiwezi kuponywa?" aliuliza. Hakusema kama anaulizia divai au pua.

"Kapike gongo," Otari alisema. "Na hata gongo, usimpe mtu unayemheshimu."

Tamta alizunguka meza akamshika mkono. "Mama mdogo, mwakani..."

"Mwakani ni yako, mama. Mimi nina hadi Jumamosi." Akachukua mkoba wake. "Na ile namba sita, nyeusi, ichukue. Ni nzuri. Nakumbuka ya miaka ya nyuma."

Yeye na Zauri walikuwa wamekuja pamoja kwa gari la Zauri, Niva, na hapakuwa na njia nyingine ya kurudi. Ilikuwa safari ya kilomita kumi na nne. Zauri aliwasha redio, akaizima. Walipofika kwenye daraja dogo, Mzevinari akasema, akitazama mbele:

"Nilimmwagia Guramu kwenye mkate."

"Shemeji..."

"Kipande cha mkate, nikamimina juu yake divai, nikasema Mungu ampumzishe. Kama ilivyo desturi. Panya, Zauri. Nimempa mume wangu panya na siki siku ya mwaka wake, na nyinyi arobaini mmekaa mnanitazama."

Zauri alisimamisha gari pembeni, ingawa nyumba zilikuwa zinaonekana.

"Ule mtungi nilipaswa kuuosha mimi," alisema.

Mzevinari alikuwa amelijua neno hilo muda wote, na alikuwa amelikalia kama kuku anavyokalia yai viza. Vuli ile ya mwisho ya uhai wa Guramu, Zauri alianguka toka juu ya mti wa jozi akavunjika mkono wiki moja kabla ya mavuno. Guramu akaenda na brashi yake ya maganda ya mcheri, ile yenye mpini mrefu kuliko mtu, akamwoshea mtungi wake. Zauri akasema mbele ya wake zao, "Mwakani wako ni juu yangu." Mwakani ikaja, Guramu hayupo. Zauri akasema Jumatatu. Jumatatu akasema Alhamisi, kwamba nyeusi zake zimeiva zote kwa mpigo. Alhamisi Mzevinari akachukua brashi mwenyewe. Kumkumbusha mwanamume deni la marehemu asingeweza, angeonekana anaomba.

"Ungekuja," alisema hatimaye, "ungeyanywa yale maji wewe."

"Ningeyanywa."

"Na ungejua."

"Ningejua."

"Endesha, Zauri. Nimeacha kuku nje."

Ijumaa jioni Maka alipiga simu toka Bari, sauti ya ajuza ikilalamika nyuma yake. "Uza, mama. Uza uje huku. Hapa kuna kazi kwa mwenye mikono."

"Huku nina ajuza wangu wa kulea, mama," Mzevinari alimjibu bintiye, maana kwao mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Ananisumbua magoti usiku na mchana."

Jumamosi alisema ndiyo. Wakala alimpa kalamu, Mzevinari akaweka sahihi tatu, akapewa kalamu ile aende nayo kama zawadi. Ilikuwa na jina la kampuni. Aliiweka ndani ya glasi kabatini pamoja na miwani ya Guramu, kwa sababu hakujua vitu vya namna hiyo huwekwa wapi.

Mwezi uliofuata trekta ziliingia. Kampuni ilitaka mizabibu mipya, mistari ya waya, vipimo vyake. Ile ya zamani iliyopandwa na baba mkwe iling'olewa siku moja na nusu, na msimamizi, mtu asiye mbaya, akatangaza kwamba anayetaka kuni achukue bure. Hakuna kuni duniani za kuchomea nyama kama za mzabibu, kila mtu wa bonde lile atakwambia. Watu walikuja na mikokoteni. Wengine walimpita Mzevinari kibarazani wakamwamkia kwa aibu, wakapakia. Siku tatu mfululizo kijiji kizima kilinukia nyama ya nguruwe iliyochomwa kwa mizabibu ya Guramu, hadi mbwa wakawa hawalali. Kila mtu aliisikia harufu ile isipokuwa Mzevinari. Yeye aliuona tu moshi.

Jirani mmoja alimletea mishikaki miwili kwenye sahani, imefunikwa mkate. Aliila. Ilikuwa ya moto na ilikuwa na chumvi, hayo mawili bado aliweza kuyajua. Akarudisha sahani imeoshwa, akasema ilikuwa tamu sana.

Mtu wa gongo alikuja na pampu akavuta divai yote, akamwachia magunia mawili ya unga wa mahindi. Mtungi ukabaki mtupu, umefukiwa hadi shingoni kwenye sakafu ya chumba chake, mdomo wazi. Mzevinari hakuufunika. Aliupita kila siku akienda kuchukua viazi.

Siku ya nne baada ya moshi kuisha, asubuhi, Zauri alisimama mlangoni pa chumba cha mitungi. Alikuwa amebeba brashi ya mpini mrefu, ndoo mbili, na mfuko wa majivu. Kuni za mzabibu hakuwa amechukua hata kijiti. Hilo Mzevinari alikuwa ameliona toka kibarazani na hakulisema.

"Umepotea njia?" alimwuliza.

"Nimekuja kuosha."

"Uoshe nini? Utie nini? Viazi?"

"Shemeji, mimi sikuulizwa utatiwa nini. Niliahidi kuosha."

"Mkono wako ulipona lini, mwaka juzi? Umekuja na haraka."

"Nitukane baadaye. Maji ya moto yako wapi?"

Alifanya kazi hadi mchana, mtu mnene yule, amepiga magoti kwenye ukingo wa mtungi, matako juu, akisugua kwa pumzi za ng'ombe. Alimimina majivu, akasugua, akachota maji meusi ndoo baada ya ndoo. Mzevinari alikaa juu ya gunia la viazi akimenya vitunguu saumu ambavyo hakuvihitaji.

Alasiri Zauri alichota kwa kata toka chini kabisa, akainuka. Akampa.

"Mimi wa nini?" Mzevinari alisema. "Kunywa wewe mwenye pua."

Zauri akanywa. Akayazungusha mdomoni. Mzevinari aliacha kumenya.

"Bado," Zauri alisema.

Akamwaga kata mlangoni, akarudi magotini. Mzevinari akaenda kuchemsha maji mengine. Bado. Neno moja dogo hivyo. Watu arobaini, na hakuna aliyekuwa nalo.

Mara ya pili Zauri alikunywa, akatikisa kichwa, akaosha tena. Mara ya tatu jua lilikuwa limeshahama mlangoni. Akachota, akanywa, akasubiri kidogo. Akanywa tena.

"Tayari."

Mzevinari alifuta mikono kwenye aproni, akapokea kata. Maji yalikuwa baridi. Hayakuwa na ladha yoyote, kama mkate, kama nyama, kama kitu kingine chochote. Akayanywa yote.

"Deni la Guramu limekwisha," alisema. "Funika."

Zauri akasukuma bapa la jiwe la kufunikia juu ya mdomo wa mtungi, akalisawazisha kwa mguu.